Darubini imara kwa bei nafuu: mwongozo kamili wa kuchagua, kuijaribu dukani na kuitunza

Wengi wanaonunua darubini ya macho mawili kwa mara ya kwanza huangukia kifaa kilekile. Sanduku limeandikwa 60x60 au 10-180x100, lenzi zinang'aa nyekundu, muuzaji anaapa kwamba inaona hadi usiku. Ikifika porini picha ni hafifu, macho yanauma, na mvua ya kwanza inaacha ukungu ndani ya vioo.

Darubini nzuri ya bei ya kawaida ipo. Ila haitambuliki kwa kusoma sanduku. Hutambulika kwa rula, kwa tochi ya simu na kwa macho yako mwenyewe, na kazi yote ya dukani haichukui hata nusu saa. Fuata hatua kwa mpangilio, maana ya mwanzo itakuokoa kupoteza muda kwenye zinazofuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Rula ya plastiki yenye milimita zinazosomeka vizuri
- Simu yenye tochi na kikokotoo
- Karatasi nyeupe na kalamu ya ncha nyembamba
- Miwani yako, kama unavaa
- Kitambaa laini cha kufutia miwani
- Bajeti. Kwa darubini mpya isiyoingiza maji, tenga kati ya dola 120 na 200 za Marekani. Chini ya dola 100 bado unaweza kupata picha nzuri, lakini kinga dhidi ya maji na vumbi ndiyo hukosekana kwanza.

Nenda mchana, na uchague duka ambalo muuzaji atakuruhusu kusimama mlangoni na kuangalia mbali. Akikataa darubini isitoke ndani ya kabati la vioo, usinunue hapo.

## Hatua ya 1: Amua mahali pa kuitumia, kisha namba mbili

Kila darubini ina namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: kitu kilicho mita 80 kitaonekana kana kwamba kiko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na ndiyo inayoamua kiasi cha mwanga kinachoingia.

Kosa kubwa ni kudhani namba ya kwanza ikiwa kubwa ndiyo bora. Darubini haikuzi tembo peke yake. Hukuza pia mtetemo wa mikono yako, na kwa watu wengi kupita 10x bila stendi ya miguu mitatu ni kupoteza fedha. Kuna na joto: saa sita mchana kwenye nyanda za Serengeti au Amboseli, hewa iliyo juu ya ardhi hucheza, na ukuzaji mkubwa hukuonyesha mawimbi hayo makubwa zaidi badala ya mnyama.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Jibu ni kipenyo cha duara la mwanga linalofika kwenye jicho. 8x42 inatoa milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2; 10x25 inatoa 2.5 tu. Mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3 kwenye jua kali, na hutanuka hadi takribani 7 gizani kwa kijana, pungufu kwa mtu mzima. Ndiyo maana 10x25 huonekana sawa mchana dukani, halafu alfajiri, wakati chui bado hajajificha, haikuonyeshi kitu.

Chaguo kwa matumizi:

- Safari za wanyama, ndege, misitu kama Amani na Kakamega: 8x42. Ni angavu, ina upana wa kuona, na inatulia mkononi. Ukiwa na shaka, chukua hii.
- Nyanda za wazi, kutazama kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro: 10x42, mradi una mikono mitulivu au mahali pa kuegemeza.
- Mashua, jahazi, ufukweni: 7x50. Ukuzaji mdogo huvumilia mawimbi, na duara la milimita 7 huruhusu jicho kuyumba bila kupoteza picha.
- Kupanda milima kwa miguu: 8x32. Ni nyepesi, ingawa jioni itazidiwa na 8x42.

Waongoza watalii, mnajua hili: injini ya gari ikiwa inanguruma, hata 8x itatetemeka. Zima injini, au egemeza darubini kwenye kifuko cha maharage dirishani.

## Hatua ya 2: Ondoa zisizofaa kabla hujazishika

Ukikuta moja ya alama hizi, rudisha darubini kabatini:

- Namba zisizowezekana. 60x60, 90x80, 10-180x100. Darubini ya kweli ya 60x60 ingetoa duara la milimita 1, giza tupu, na isingeshikika kwa mkono.
- Ukuzaji unaobadilika. Zina vioo vingi vinavyosogea, picha hufifia, na mabomba mawili hayakuzi sawasawa. Kwenye bei ya chini hakuna iliyo nzuri.
- Lenzi nyekundu kama kioo cha mapambo. Wekundu huo ni utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na huakisi sehemu ya mwanga mwekundu usifike jichoni. Picha hugeuka kijani-buluu na kupoteza mwanga.
- Isiyo na gurudumu la kulenga. Huuzwa kwa sifa ya kujilenga yenyewe. Kilichofanyika ni kuifunga kwenye umbali mmoja na kuyaachia macho yako kazi iliyobaki. Kadiri umri unavyosonga ndivyo macho yanavyoshindwa.
- Madai ya kuona gizani. Darubini ya vioo hukusanya mwanga uliopo. Hakuna mwanga, hakuna picha.

Baada ya hatua hii kabati la duka huwa limebaki na darubini chache sana. Ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 3: Chagua umbo

Yapo mawili. La kwanza lina mabega: lenzi za mbele zimeachana zaidi kuliko za machoni. La pili lina mabomba yaliyonyooka.

Yenye mabega hutoa picha kali kwa fedha kidogo, kwa sababu prizimu zake, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza picha isionekane kichwa chini, ni rahisi kutengeneza. Udhaifu wake ni kwamba, kwenye nyingi, ukizungusha gurudumu lenzi za machoni hutoka na kuingia. Mwendo huo huvuta hewa, na hewa ya barabara zetu za vumbi haiji peke yake. Nikon Aculon A211 ni mfano mzuri wa aina hii: vioo vyema kwa bei yake, lakini haikutengenezwa kuzuia maji.

Yenye mabomba yaliyonyooka hulenga kwa ndani, hivyo huzibwa kwa urahisi na kuhimili misukosuko. Prizimu zake hudai usahihi mkubwa na utando maalumu wa kurekebisha mawimbi ya mwanga. Bila utando huo picha hupoteza ukali. Ndiyo maana darubini nyoofu ya dola 40 karibu kila mara hushindwa na yenye mabega ya bei hiyohiyo.

Uamuzi wetu ni huu: kama bajeti haifiki dola 100 na utaitumia kiangazi, chukua yenye mabega na uitunze. Kama itakaa kwenye gari la safari, msituni au karibu na bahari, subiri ufikishe fedha za nyoofu iliyozibwa. Nikon Prostaff P3, Vortex Crossfire HD na Celestron Nature DX, zote za 8x42, ni mifano ya kuanzia kulinganisha.

## Hatua ya 4: Pima kwa rula

Hapa ndipo uongo wa sanduku unapoanguka, kwa hiyo usiharakishe.

a) Pima kipenyo cha kioo cha mbele chenyewe, bila raba inayokizunguka. Andika namba. Darubini ya 8x42 iwe na milimita 42, au pungufu kidogo sana.

b) Elekeza darubini kwenye anga angavu, mbali kabisa na jua. Ishike kama sentimita 30 kutoka usoni. Kwenye kila lenzi ya jicho utaona duara dogo la mwanga. Weka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi hiyo, isogeze mbele na nyuma mpaka kingo za duara ziwe kali, weka alama mbili kwa kalamu, kisha pima kati yake.

c) Gawanya namba ya (a) kwa ya (b). Ukuzaji wa kweli hauzidi jibu hilo. Tuseme kioo cha mbele ni milimita 32 na duara ni 4: hiyo ni 8x, hata kama imeandikwa 60x kwa herufi za dhahabu.

Tunasema "hauzidi" kwa sababu baadhi ya watengenezaji huweka pete ndani inayoziba sehemu ya lenzi. Duara hupungua na hesabu yako huonyesha ukuzaji mkubwa kuliko ulivyo. Ili kuhakikisha, tazama ukuta wa matofali au bati la migongo, jicho moja likiwa kwenye darubini na jingine wazi. Picha mbili zitapandana. Hesabu matofali mangapi ya jicho tupu yanaingia ndani ya tofali moja lililokuzwa. Yakiwa manane, una 8x. Inahitaji utulivu kidogo, lakini haidanganyiki.

Umefaulu ukiona: hesabu inakaribia namba iliyoandikwa, tofauti isizidi 0.5. Ikipishana zaidi ya hapo, usibishane bei. Aliyekudanganya namba ya wazi amekudanganya na ya ndani.

## Hatua ya 5: Soma vioo kwa mwanga

Rudi kwenye lile duara dogo. Likiwa mviringo kamili na angavu hadi ukingoni, prizimu ni za kioo bora, kile kinachoandikwa BAK4. Likiwa na pembe kama almasi, au vivuli vya kijivu pembeni, prizimu ni za kioo cha bei rahisi, BK7, na kingo za picha zitakuwa na giza. Jaribio hili huonekana wazi zaidi kwenye darubini zenye mabega.

Washa tochi ya simu na uiangalie ikijiakisi kwenye lenzi ya mbele. Utaona nukta kadhaa, kila moja ikitoka kwenye uso mmoja wa kioo. Nukta za kijani iliyokolea, zambarau au buluu ni dalili ya utando mzuri wa kuzuia mng'aro. Nukta nyeupe kabisa ni uso usio na utando. Fanya vivyo hivyo upande wa machoni, maana wengi hupaka mbele tu panapoonekana. Maandishi ya kutafuta ni FMC: nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi.

Kisha toka nje, lenga tawi jeusi au kunguru kwenye anga jeupe. Katikati ya picha pawe pakali, na ulengaji "ubofye" mahali pake bila kutafutatafuta. Uzi mwembamba wa zambarau kwenye kingo ni kawaida kwa bei hii. Ukiwa mnene katikati ya picha, kataa. Theluthi ya nje kuwa hafifu kidogo inavumilika.

Wavaa miwani, tafuteni kwenye maelezo umbali wa jicho ("eye relief", yaani nafasi kati ya lenzi na jicho) wa milimita 16 au zaidi. Kisha shusheni vikombe vya raba na mtazame mkiwa na miwani. Mkiona duara zima hadi ukingoni, inafaa. Mkiona kama mnachungulia tundu la mlango, haifai.

## Hatua ya 6: Hakikisha mabomba mawili yanatazama mahali pamoja

Darubini ikianguka, hata sokoni kabla hujaifikia, prizimu huweza kusogea. Hii ndiyo sababu kubwa ya maumivu ya kichwa, na wengi hudhani tatizo ni macho yao.

Lenga mstari wa mlalo ulio mbali, mita 100 au zaidi: ukingo wa paa au waya wa umeme. Tazama kawaida, kisha ondoa darubini taratibu kutoka usoni kwa sentimita 10 hadi 15 huku ukiendelea kutazama. Utaona maduara mawili, kila moja na mstari wake.

Umefaulu ukiona: mistari miwili iko urefu mmoja. Kataa ikiwa mmoja umepanda kuliko mwenzake. Misuli ya macho huweza kuvuta picha zilizopishana kidogo kwa upande, lakini kwa juu na chini huweza kidogo mno.

Dalili nyingine: ukiweka darubini machoni unaona viwili kwa nukta ya sekunde kabla picha haijaungana. Rekebisho lake hufanywa na fundi mwenye vifaa, na gharama inaweza kumeza bei yote.

## Hatua ya 7: Pima uimara kwa mikono

- Bawaba: shika bomba moja tu na uache jingine lining'inie. Lisishuke lenyewe.
- Gurudumu: lizunguke kwa kidole kimoja bila kukwama. Ligeuze nyuma ghafla. Picha ianze kubadilika mara moja. Likizunguka kidogo bila kitu kutokea, meno ya ndani yamelegea.
- Daraja la machoni: kwenye yenye mabega, bonyeza lenzi moja ya jicho kwa kidole ukiwa unatazama. Picha ikipoteza ukali, kila utakapoigusa usoni itakusumbua.
- Raba: iwe imeshikana na mwili, isiyoteleza wala kunata. Raba inayonata ikiwa mpya itayeyukayeyuka kwenye joto la gari.
- Masikio ya mkanda: yavute kwa nguvu. Yakivunjika, darubini inaanguka yote.

Kuhusu maji, soma neno lenyewe. "Waterproof" pamoja na kujazwa naitrojeni au agoni ndiyo unayoitaka: hewa yenye unyevu imeondolewa, na mpira wa duara unaziba kila kiungo. "Water resistant" maana yake matone tu. Alama ya IPX7 inamaanisha kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni mrusho wa maji pekee.

## Hatua ya 8: Jaribio la friji, ndani ya muda wa kurudisha

Kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti kuwa una siku kadhaa za kurudisha. Usiitose kwenye ndoo. Ikivuja, hakuna atakayekubali kuipokea.

Nyumbani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friji kwa dakika 30. Usiiweke kwenye sehemu ya barafu. Itoe kwenye hewa ya kawaida, futa ukungu wa nje kwa kitambaa, kisha mulika tochi kupitia lenzi ya mbele. Vioo vya ndani viwe vikavu. Ukiona ukungu usiofutika, unyevu uko ndani na naitrojeni iliyoahidiwa haipo. Rudisha.

Uliza pia dhamana inatekelezwa wapi. Vortex, kwa mfano, hutoa dhamana ya maisha, lakini kama kifaa lazima kisafirishwe nje ya nchi, jumlisha nauli hiyo kwenye hesabu yako leo.

## Hatua ya 9: Irekebishe kwa macho yako

Darubini nzuri isiyorekebishwa huonekana mbovu. Fanya mara moja, na ukumbuke alama.

1. Kunja au kunjua bawaba mpaka maduara mawili yawe duara moja lisilo na vivuli.
2. Asiyevaa miwani anyanyue vikombe vya macho, anayevaa avishushe.
3. Ziba lenzi ya mbele ya kulia. Lenga kibao chenye maandishi, mbali kidogo, kwa gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri.
4. Ziba ya kushoto. Usiguse gurudumu. Zungusha pete ya dayopta, ambayo mara nyingi iko kwenye lenzi ya jicho la kulia, mpaka jicho la kulia lione vizuri.
5. Fungua zote. Kuanzia hapo tumia gurudumu la katikati tu.

Onyo: usitazame jua kwa darubini hata kwa kufumba na kufumbua. Huunguza retina, na hutasikia maumivu wakati inaungua.

## Hatua ya 10: Matunzo ya vumbi, chumvi na unyevu

Kamwe usifute lenzi kwa shati au kanga. Chembe za mchanga huchora utando, na mchoro hauondoki. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, piga brashi laini, ndipo upumulie kioo na kufuta kwa kitambaa safi kwa mizunguko myepesi.

Baada ya kutoka baharini, futa mwili wote kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba. Chumvi hula skrubu na kukausha mipira ya kuzibia.

Pwani, adui mkubwa ni kuvu. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko mkazo na pakiti za silika, na uzikaushe au kuzibadilisha zinapolowa. Wala usiiache kwenye dashibodi: joto hulegeza gundi za prizimu, na lenzi iliyoelekea jua inaweza kuwasha moto viti.

## Ukinunua ya mtumba

Fanya hatua zote za juu, kisha ongeza moja. Mulika tochi kwenye lenzi ya mbele na uchungulie kwa mshazari. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Huenda imeshakula utando wa kioo, na kuisafisha hakurudishi kilicholiwa. Punje chache za vumbi ndani hazionekani kwenye picha. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye lenzi ya mbele hauna madhara makubwa, ila kwenye lenzi ya jicho ni sababu ya kukataa. Mkanda uliochakaa na raba iliyofubaa ni vya kawaida, na vyote viwili ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.